Mwanangu Hamza, Unakwenda Kufundishwa

Mwanangu Hamza,

Shikamoo sikuandikii, kwa kuwa usiku wa leo mkubwa ni mimi, na wewe ndiye uliyetaka iwe hivyo. Tulikuwa mkekani tunakula, ukaliweka tonge chini, ukanitazama mbele ya Mama na Saumu, ukasema, "Mama, mwanao anasafiri alfajiri. Mbona hujamnenea neno? Mama gani asiyempa mwanawe hata wosia?"

Saumu akadakia. Mdogo wangu yule hajawahi kukosa la kusema. "Huyo? Darasani kwao wanamwita Kabati. Limejaa, lakini limefungwa."

Mkacheka. Mimi nikaanza kukusanya sahani na watu bado wanakula. Mama akaivuta ya kwake, "We mwana, nimekwambia nimeshiba?" Nikaenda zangu uani, nikasugua sufuria ambayo Mama alikwisha kuisugua.

Neno ninalo. Ninalo tangu uliposema umekubali kwenda Dar. Lakini mdomo wangu unaujua, wakati wa kusema ukifika huwa unatafuta kazi nyingine. Kwa hiyo naandika. Mambo ya dawa ya presha, na soksi, na kutokula chipsi kila usiku, Mama ameshayasema na atayarudia mpaka basi liondoke. Hayo siyagusi.

Nilianza barua hii kwa Kiingereza. Usicheke. Kwa Kiingereza naweza kusema jambo la aibu kama ninayesoma la mtu mwingine kwenye kitabu cha shule. Nikajaza ukurasa, nikausoma, nikaona ni insha ya mtihani: ina utangulizi, ina hoja, imekaa inasubiri alama. Mama hamwandikii mwanawe hivyo. Nimeukunja, naanza upya kwa lugha uliyonisemesha nikiwa bado natambaa.

Wewe ni baba yangu, lakini siku ya akika yangu ulinipa jina la mama yako, na tangu hapo hujaniita Mwanahawa hata mara moja. Ni Mama. Hata ukigomba ni "Mama, umeacha bomba wazi tena!" Na Bibi alipokuwa hai aliniita somo, na akitaka kukusema wewe alikuwa ananiambia mimi: "Somo, muonye mtoto wako, kanyoa kama mhuni." Nikawa na ruhusa ya kukuita mwanangu, na kukutuma dukani kwa mzaha, nawe ukaenda kweli. Kilikuwa cheo cha mchezo, maana mwenye cheo alikuwepo chumba cha pili. Tangu Bibi atutoke, kabla ya mfungo uliopita, nimebaki nacho peke yangu. Leo ulipoomba wosia ulikuwa unacheka kwa mdomo, macho hayamo. Niliona. Mtu akienda kuanza kazi ugenini hupewa radhi na mama yake, na wewe wa kukupa ni mimi, mtoto wa kidato cha nne anayeogopa kuingia dukani kukiwa na watu.

Basi nianze na ukweli. Nimechoka, mwanangu. Kulea mtu mzima kunachosha.

Tangu uagane na ofisi ya Bwana Nasor na maduka yake, nyumba hii tunatembea kwa ncha za vidole. Asubuhi unavaa shati la kazi, unafunga vifungo mpaka cha shingoni, unakaa kwenye meza ya cherehani ya Mama na kompyuta yako, na sote tunajifanya hatuoni kwamba safari yako ya kazini imetoka chumbani ikaishia ukumbini. Watu wakipiga hodi, "Hamza yupo? Mbona haonekani?", anayetumwa mlangoni ni mimi. "Yupo, anafanya kazi kwa mtandao." Nimeyasema hayo mpaka Saumu anasema nayasema usingizini. Yule mwenye duka la pembeni aliniuliza, "Na huo mtandao nao unampa salamu?" Sikumjibu. Kabati.

Na nilikuwa nasikia. Kuta za vyumba vyetu hazifiki kwenye bati, unajua hilo kuliko mimi, umezaliwa humu. Nilikusikia kwenye usaili wa kompyuta, mlango umeufunga, feni umeizima ili sauti itoke vizuri. "Nina uzoefu wa miaka mingi sana katika kutengeneza mifumo." Halafu sauti ya kijana, ya upole, ule upole wa daktari mwenye majibu mabaya: "Sawa mzee wangu. Na zana hizi za sasa umezitumia wapi?" Nawe ukajibu, "Misingi ni ile ile." Kila usaili ulikuwa unaishia hapo, kwenye misingi ni ile ile. Ukitoka unamwambia Mama, "Wanataka watoto." Mama anakumiminia chai. Mimi natazama mkeka, kwa sababu nilisikia alichouliza yule kijana, na hakuuliza umri.

Sasa hili ndilo linalonipa taabu kuliandika. Nuru, huyo aliyekuita Dar, hakukukumbuka mwenyewe. Nilimwandikia mimi.

Nilikuwa namkumbuka tangu alipokuja ofisini kwenu fildi kujifunza kazi, msichana wa Makorora, yuko chuo, ana daftari lenye gamba la maua. Mimi nilikuwa mdogo, natoka madrasa nakuja kukusubiri unirudishe kwa baiskeli. Ulimpa kiti cha plastiki nyuma yako. Siku moja alikuuliza kwa nini umeuandika mfumo vile ulivyouandika, ukamjibu bila kugeuka, "Mimi sikufundishwa na mtu, binti. Soma." Akasoma. Likizo nzima alikaa pale anasoma kisogo chako.

Leo Nuru ni mkuu wa kitengo huko Dar, ana vijana chini yake, na kuanzia wiki hii atakuwa na mzee mmoja. Nilimtafuta kwa simu ya Mama. Nilimwandikia kwamba baba yangu ni fundi na yuko nyumbani. Alinijibu siku ile ile. Alisema, "Mwalimu Hamza anajua vitu ambavyo vijana wangu hawajawahi hata kuviota. Hapo sina shaka. Ninachoogopa ni kimoja. Siku nitakayomwambia hapa sivyo, atanisikiliza, au atanigeuzia mgongo kama zamani? Na kazi simpi kwa huruma, mdogo wangu. Atafanya mtihani kama wengine."

Ukafanya, ukafaulu. Kazi ni yako, hakuna aliyekuombea. Nilichofanya mimi ni kugonga mlango uliokuwa umeapa kutougonga. Ukikasirika ni haki yako, ila kasirikia Dar. Usije ukashuka njiani Segera na begi lako ukapanda gari la kurudi.

Naogopa hilo, maana najua ulichomwambia Mama juzi mkidhani nimelala. Ulisema, "Miezi mitatu ya majaribio, na bosi ni yule binti. Wakinifanya mtoto, narudi zangu Ngamiani nifungue pa kuchapisha na kutoa kopi." Mama akasema, "Haya." Ilikuwa ile haya yake ya kuzima taa. Mwanangu, hakuna ubaya kutoa kopi. Lakini ukirudi safari hii kwa sababu hiyo, naogopa hutatoka tena kwenye ile meza ya cherehani. Utakaa pale na shati lako mpaka vifungo vidondoke, na mimi nitakuwa mlangoni nawaambia watu habari za mtandao. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Mengine yote yamekuja juu yake.

Tuzungumze habari ya samaki.

Mfumo wa Bwana Nasor uliuandika peke yako. Shamba la nazi la Mwera, bohari ya saruji na bati pale Makorora, duka kubwa la huku kwetu, vyote ulivifunga kamba moja. Na kila kipande cha programu ukakipa jina la samaki. Ngisi alikuwa anachapa risiti, kwa kuwa ngisi ana wino. Pono alikuwa anahesabu mizigo wakati watu wamelala. Chewa alikuwa anameza kila kitu na kukihifadhi. Na kulikuwa na nyenga, ukaniambia, "Huyo usimguse, ana mwiba." Nikakuuliza ndani yake mna nini. Ukafikiri, ukasema, "Nimesahau. Lakini ukimtoa, kila kitu kinasimama." Mimi nimejifunza kuprogramu kwa samaki wale, nimeketi juu ya mto ili nifikie meza. Nilijiona mtoto wa mtu mwenye siri kubwa.

Bwana Nasor alikuwa akisema mbele za watu, "Hamza akipata mafua, maduka yangu yote yanapiga chafya." Ukaja na maneno yale nyumbani kama mtu aliyeletewa sahani ya biriani kutoka harusini. Tukala wote. Tuliamini kwamba kitu kisichokwenda bila wewe hakiwezi kukuacha. Mimi niliamini kuliko wewe.

Halafu akarudi Khalfan, mtoto wake, ametoka kusoma, na vijana wawili wamemfuata. Walitaka mteja aagize bati kwa simu yake akiwa Pangani. Wakaketi nawe wauelewe mfumo. Jioni ile ulipotusimulia, ulisimama katikati ya ukumbi ukaigiza sauti zote.

"Mzee Hamza, samahani, ngisi ni nini?"

"Samaki."

"Hapana mzee, ngisi wa huku kwenye programu."

"Ni yule yule. Ukimpika usimkawize motoni, atakuwa mpira."

Mama alishika mbavu. Saumu akakwambia urudie. Mimi nilicheka mpaka machozi, na nilikuwa namjua ngisi mstari kwa mstari. Mama akajifuta macho kwa upande wa kanga, akauliza, "Sasa wasipomwelewa huyo ngisi, watafanyaje?"

"Watafanyaje? Watanirudia."

Hawakurudi. Walinunua mfumo uliotengenezwa tayari, hauna hata dagaa ndani yake, wakahamisha kila kitu. Bwana Nasor alikuja mwenyewe kukwambia, kwa heshima, akaketi barazani akanywa kahawa yetu. Nilikuwa nyuma ya mlango na sinia. Alisema, "Hamza, mimi nakuamini wallahi. Lakini sisi ni wa kufa. Nikifa mimi na ukifa wewe, wanangu watauza nazi kwa samaki wasiowajua?" Ukamsindikiza mpaka pembeni, ukarudi, ukakaa. Hukusimulia siku hiyo.

Nimelifikiri jambo hili mwaka mzima, nikifua, nikienda shule, nikikusikia unajibu usaili. Sisi tulidhani wanakuhitaji. Kumbe walikuwa wanakuogopa, kama wewe ulivyomwogopa nyenga, na mtu akichoka kuogopa kitu hazozani nacho, anakizunguka. Huko unakokwenda usimfiche mtu samaki. Ukiandika kitu, kiandike kama mtu ambaye kesho hayupo, aje mwingine akisome asikulaani. Nasema hivi nikijua ni rahisi kwangu, sina ninachopoteza. Wewe ukifundisha kila unachojua, unabaki na nini mkononi? Hilo nililiwaza pia. Nitalifikia.

Lakini usidhani nakusema kutoka juu. Mimi nililifanya lile lile, tena kabla hujaachishwa.

Nilipoingia kidato cha kwanza, wewe ulikuwa unafikiri Kiingereza nimekibeba kutoka kwenye kompyuta yako. Nilikuwa sijui kitu. Shule ya msingi tulisoma yote kwa Kiswahili, nikawa wa kwanza, halafu ghafla mwalimu anaingia anafungua kinywa, na ni kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili. Nikafanya nililoliweza. Nikanakili. Kila kilichoandikwa ubaoni nilikinakili kwa mwandiko ule unaousifia, vichwa vya habari nikavipigia mstari kwa wino mwekundu. Mwalimu wa Jiografia akaliinua daftari langu juu, darasa likapiga makofi.

Yale makofi ndiyo yaliyonifunga. Mtu aliyepigiwa makofi anaulizaje maana ya neno ambalo limekaa ubaoni tangu Januari? Kabla ya hapo nilikuwa mjinga mwenye ruhusa. Baada ya hapo nikawa mjinga mwenye sifa, na huyo ndiye hana pa kutokea. Pembeni yangu aliketi Zaituni, anayeuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza, wanamcheka, anageuka anawaambia, "Chekeni. Mkimaliza mniambie jibu." Mwaka ukaisha, Zaituni anajua, mimi nina daftari.

Nilikuja kumvuta nyuma ya vyoo tukiwa kidato cha pili. Nikampa kitabu nikamwambia anisomee, siendi mbele. Akanitazama.

"We si ndo yule wa daftari?"

"Ndo mimi."

"Loo! Kwa hiyo muda wote ule ulikuwa unachora?"

Nililia pale pale. Halafu tukaanza, kitabu cha kidato cha kwanza, ukurasa wa kwanza, na wadogo zetu wa kidato cha kwanza wanapita wanatuona. Sikukwambia. Daftari lile ulikuwa unawaonyesha wageni.

Wewe wamekuita Fundi tangu nikiwa tumboni. Kwa hiyo naelewa. Mtu akiitwa Fundi kila mtaa, anaanzia wapi kusema hiki sikijui? Anasema misingi ni ile ile.

Sasa nilifikie lile nililoliacha, la kubaki na nini mkononi.

Ulikuwa unasema akili mnemba inaandika programu kama mwanafunzi aliyekariri. Nikawa nanyamaza, maana mwanafunzi aliyekariri namjua vizuri, nimelala naye kitanda kimoja. Ni kweli kabisa. Lakini mwanafunzi wa namna hiyo anahitaji mtu wa kumkamata, na kumkamata si kazi ya kila mtu. Mtihani wa Nuru ulikuwa huo, sivyo? Walikupa programu iliyoandikwa na mashine, ya kuuzia bidhaa dukani, safi, imepangwa kama daftari langu. Wakakwambia useme kama inafaa. Nilikuona unaisoma midomo inakwenda, kama unasoma Yasini. Halafu ukaongea peke yako, kwa sauti: "Haya, umeme umekatika. Mteja kashalipa, risiti haijatoka. Umeme ukirudi inafanya nini hii?" Ukaipekua. "Inamtoza tena! Yaillahi, inamtoza mara ya pili!"

Ulijua pa kutazama kwa sababu jambo hilo lilikupata pale Makorora, msimu wa mvua, wanunuzi wa saruji wamejaa mlangoni wanakutukana, ukalala bohari juu ya mifuko mpaka ukalirekebisha. Ulirudi asubuhi mweupe kama jini, Bibi akapiga yowe. Sisi tulicheka, wewe hukucheka. Basi hicho ndicho unachobaki nacho, mwanangu. Ile hesabu ya miaka uliyokuwa ukiwatajia kwenye usaili haimwambii mtu kitu. Uzoefu wako ni vile vitu vyote vilivyowahi kukuharibikia mikononi. Hata ukivifundisha mchana kutwa havikuishii, kwa sababu wewe ndiye uliyelala juu ya ile mifuko.

Laiti mtihani ungeishia hapo. Sehemu ya pili ilikuwa ni kutumia zana zao, na hukuzijua. Ulikesha. Nilikusikia unafungua, unafunga, unavuta pumzi, unaanza tena. Nami kidogo nilikuwa nazijua, tunazitumia kwenye klabu ya kompyuta shuleni. Nikajifunika shuka mpaka kichwani. Nilijiambia nikitoka nitakuaibisha. Mama gani anamsikia mwanawe anahangaika ng'ambo ya ukuta akajifunika? Ulifaulu sehemu ile kwa shida, kwa macho mekundu, na ingekuwa kazi ya nusu saa kama mmoja wetu angefungua mdomo. Soni hii nimeirithi kwako. Sikulaumu. Ila watu wawili wenye soni nyumba moja ni kama vipofu wawili wanaosubiriana wavushane barabara.

Huko Dar mimi sipo hata nyuma ya ukuta. Atakuwepo Nuru, yuko mbele, na safari hii kiti cha plastiki ni chako. Atakwambia hapa sivyo. Vijana wake watakuwa wanazungumza haraka, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, watacheka jambo usilolijua utadhani wanakucheka wewe. Wengine watakuwa wanakucheka kweli. Utaona aibu. Siwezi kukuahidi vingine. Mimi naiona aibu kila siku, katika hilo tu nakuzidi uzoefu: haiui. Inakwama hapa kifuani kama tonge kavu, halafu inashuka, na ikishashuka mtu anaona alikuwa na njaa ya kujua.

Na sikwambii kwamba baada ya miezi mitatu mambo yatalainika. Nuru ameniandikia tena, hili nalo ulijue, tumekuwa tunaandikiana. Anasema kila anachokijua kinachakaa kabla hajakizoea, na anasema usiku mwingine anajiuliza akifika umri wako atakuwa na nguvu ya kuanza tena. Bado ni wa kuitwa dada, na ameshachoka. Labda kazi yenu ndivyo ilivyo, haina mahafali. Sijui kama nami nitaitaka. Mwalimu akiuliza mnataka kuwa nani huwa naandika kompyuta, kisha nafuta, kisha naandika. Nitakuangalia wewe kwanza.

Nilitaka kufunga barua hapa, nikupe radhi, nilale. Lakini nasikia bado uko ukumbini. Nuru alikutumia vitu vya kuweka kwenye kompyuta kabla hujafika, na tangu alasiri unazozana navyo.

Mama anasema, "Lala, baba Mwanahawa. Si utamuuliza huko huko?"

"Nitaliona tu."

"Utaliona lini, na basi la alfajiri?"

Kiti kimelia. Sasa unarekodi sauti kwenye simu, naisikia ile sauti yako ya kuzungumza na wakubwa: "Nuru, habari za usiku. Nimepitia maelezo yako, naona kuna kasoro mahali..." Umenyamaza. Hujaituma, sijasikia ikienda. Mama hata cherehani hasogezi. Naandika haraka, herufi zangu zimeanza kupinda.

Unaanza tena. Chini zaidi. Naandika kama ulivyosema, nisije kesho nikadhani niliota:

"Nuru, mimi Hamza. Samahani kwa usiku. Nimefika katikati ya maelezo yako, mashine inakataa, na sijui kwa nini. Maelezo nadhani yako sawa, ni mimi ndiye sijaelewa. Ukipata nafasi, nifundishe."

Imekwenda. Nimeisikia.

Naiacha kalamu. Karatasi hizi utazikuta kwenye mfuko wa kompyuta, uzisome ukishavuka mto Wami, si kabla. Sasa hivi natoka huko ukumbini kukaa nawe mpaka ajibu, na ukiniuliza "Mama, mbona hujalala?" nitakujibu kwa mdomo.

Radhi unayo, mwanangu. Nenda.

Mama yako,
Mwanahawa